Geti Kwanza, Nyumba Baadaye: Kupima Nafasi ya Kuacha Kando ya Barabara na Kupanga Njia ya Gari

Kiwanja kinachopakana na barabara kina wenye amri wawili. Wa kwanza ni mamlaka ya mipango ya eneo, inayosema jengo likae umbali gani kutoka mpakani. Wa pili ni mwenye barabara, yaani idara au wakala anayeitunza, na huyo ndiye anayesema gari litokee wapi na kwa namna gani. Vibali ni viwili, na kimoja hakimbebi mwenzake. Wengi huchora nyumba, hupata kibali cha ujenzi, humwaga msingi, ndipo huenda kuomba njia ya gari wakiwa wamebakiwa na sehemu moja tu ya kuweka geti: ile ambayo mhandisi wa barabara hawezi kuikubali kwa sababu iko kwenye kona au nyuma ya kilima. Ndiyo maana tunasisitiza kazi ianzie mwisho unaozoeleka kusahauliwa. Tafuta mahali pa geti, chora mistari ya kuacha, yaani mistari ambayo jengo halitakiwi kuivuka kuelekea mpakani, kisha nyumba iingie kwenye eneo linalobaki.

Mpaka wa barabara hauonekani kwa macho

Kosa linalobomoa nyumba nyingi ni kupima kutoka ukingo wa lami. Lami ni sehemu tu ya barabara. Barabara kisheria ni ukanda mzima wa hifadhi: lami, mabega yake, mitaro, njia ya waenda kwa miguu, nguzo za umeme, mabomba ya maji, na mara nyingi kipande kilichoachwa kwa ajili ya upanuzi wa baadaye.

Chukua barabara yenye hifadhi ya mita 20 na lami ya mita 7 iliyopita katikati. Kila upande, kutoka ukingo wa lami hadi mpaka wa kiwanja, kuna mita 6.5 za ardhi inayoonekana kama haina mwenyewe: nyasi, mtaro, pengine mti. Sasa kanuni ikisema acha mita 6 kutoka mpakani, na fundi akazipima hizo mita 6 kutoka kwenye lami, ukuta wa nyumba utasimama nusu mita ndani ya hifadhi ya barabara. Mjenzi anadhani ameacha nafasi yote inayotakiwa, kumbe hata kiwanja chake hajakifikia. Ukuta ulipaswa kuwa mita 12.5 kutoka kwenye lami.

Tena usidhani lami iko katikati ya hifadhi. Barabara nyingi zilianza kama njia za udongo zilizofuata mahali pakavu, zikaja kuwekewa lami palepale zilipopita. Kwa hiyo kupima katikati ya lami na kugawanya kwa mbili ni kubahatisha.

Njia sahihi ni hii. Pata nakala ya ramani ya upimaji ya kiwanja, uende nayo uwanjani, utafute bikoni zote (alama za mpaka zilizowekwa na mpima kwenye kona za kiwanja), si mbili za mbele tu. Pima umbali kati ya bikoni na bikoni kwa futi kamba ya mita 50 iliyovutwa vizuri, kisha linganisha na namba zilizo kwenye ramani. Tofauti ya sentimita chache inaweza kutokana na futi kamba yenyewe kulegea au ardhi kuwa na mteremko. Tofauti ya nusu mita maana yake bikoni imehamishwa au unasoma bikoni ya jirani. Bikoni za upande wa barabara ndizo hupotea kwanza, kwa sababu greda linapochonga barabara au linapofungua mtaro hung'oa kila kilicho pembeni. Ikipotea, mpima aliyesajiliwa airudishe kabla ya kamba yoyote kuvutwa. Ukuta wa jirani usiufanye kipimo. Mitaa mizima imewahi kufuata uzio mmoja uliokosewa.

Soma kanuni inapimia wapi

Namba peke yake haina maana mpaka ujue inaanzia wapi. Kanuni huandikwa kwa namna tatu hivi: kutoka mpaka wa kiwanja, kutoka katikati ya barabara, au kutoka mpaka wa barabara kama itakavyokuwa baada ya upanuzi uliopangwa. Ya tatu ndiyo inayowashtua watu. Tuseme hifadhi ya sasa ni mita 20, lakini mpango wa eneo unaonyesha barabara hiyo itakuwa ya mita 24. Upanuzi ukigawanywa sawa, kila upande unatoa mita 2. Kanuni ya mita 6 inakuwa mita 8 kutoka kwenye bikoni unayoiona leo. Kwa hiyo ofisini usiulize tu "niache mita ngapi?" Uliza hivi: barabara hii ni ya daraja gani, hifadhi yake ni upana gani sasa, imepangwa kuwa upana gani, na umbali wa kuacha unapimwa kutoka mstari upi. Majibu yaandikwe kwenye barua au kwenye mchoro wenye muhuri. Jibu la mdomo halitakusaidia siku mkaguzi mwingine atakapokuja.

Umbali hupimwa kwa pembe mraba kutoka kwenye mpaka, si kwa kufuata ukuta wa nyumba. Mpaka wa mbele ukiwa wa mshazari, kona ya jengo iliyo karibu zaidi na mpaka ndiyo inayohukumu. Kuna wanaopima katikati ya nyumba wakaridhika, ilhali kona ya kushoto imechomoza sentimita 80 kuvuka mstari.

Hesabu ya eneo linalobaki

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Weka za kwenu mahali pake. Kiwanja kina upana wa mita 20 mbele na kina cha mita 30. Kanuni inataka mita 6 mbele, mita 1.5 kila ubavu, mita 3 nyuma, na jengo lisifunike zaidi ya nusu ya kiwanja.

Upana unaobaki ni 20 kutoa 3, yaani mita 17. Kina ni 30 kutoa 9, yaani mita 21. Eneo ndani ya mistari ni mita za mraba 357. Lakini nusu ya kiwanja ni mita za mraba 300, kwa hiyo hata ndani ya mistari huruhusiwi kulijaza lote. Kanuni kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Sasa kiwanja hichohicho kiwe cha kona. Kiwanja cha kona kina mbele mbili. Ubavu unaotazama barabara ya pili mara nyingi hudaiwa umbali mkubwa kuliko ubavu wa kawaida, tuseme mita 4.5. Upana unabaki 20 kutoa 1.5 kutoa 4.5, yaani mita 14, na eneo linashuka hadi mita za mraba 294. Ramani ya nyumba ya upana wa mita 16 iliyonunuliwa tayari haiingii tena kwa mkao wake. Mtu anayekwenda kununua kiwanja cha kona afanye hesabu hii kabla ya kutoa fedha.

Uliza pia nini kinahesabiwa kuwa jengo. Ukuta wa nje unahesabiwa bila ubishi. Ubishi huanza kwenye baraza lenye nguzo, roshani ya ghorofani, ngazi za nje, mnara wa tangi la maji, banda la jenereta na mchomozo wa paa. Mahali pengi paa huruhusiwa kuvuka mstari kwa kiasi kidogo, lakini baraza likishakuwa na nguzo na paa linahesabiwa kama chumba. Shimo la maji taka lina umbali wake peke yake, na halitakiwi kabisa kwenye hifadhi ya barabara: siku mtaro utakapochimbwa upya, ndilo litakalopasuliwa.

Unapovuta kamba za msingi, kumbuka kwamba kamba ya fundi huonyesha uso wa tofali, si uso wa ukuta uliokamilika. Lipu huongeza milimita 15 hadi 25, na mawe ya urembo huongeza zaidi. Acha sentimita 10 za ziada juu ya umbali unaotakiwa. Ni nafasi ndogo mno kuathiri nyumba, na inatosha kumeza makosa ya lipu na ya futi kamba. Hakiki pembe kwa kanuni ya 3, 4, 5 (pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5 hutoa pembe mraba), kisha pima mishazari miwili ya nyumba nzima. Isipolingana, nyumba imepinda, na kona mojawapo inasogea kuelekea mpakani.

Mahali pa geti

Mwenye barabara anaangalia kwanza barabara ni ya daraja gani. Barabara kuu imejengwa ili magari yapite, barabara ndogo ili watu waingie makwao. Kila kiingilio kinachofunguliwa kwenye barabara kuu huongeza mahali pa magari kukatana. Wahandisi huhesabu: makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo nyendo za magari zinaweza kugongana, na ya njia tatu yana 9. Kiingilio chako ni makutano madogo ya njia tatu. Kiwanja kikigusa barabara mbili, tegemea kuambiwa utokee kwenye ile ndogo, na mbali na kona kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Geti karibu na kona lina hatari ya aina yake: gari linalokata kona linakutana ghafla na gari linalopunguza mwendo ili liingie kwako, na dereva wa nyuma anadhani taa ya kugeukia uliyowasha ni ya kuingia mtaa wa kona.

Linalofuata ni kuona, na hapa hakuna kulegeza. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa husafiri mita 16.7 kila sekunde. Wahandisi wa Marekani humpa sekunde 2.5 za kutambua hatari na kukanyaga breki, ambazo zinakula takribani mita 42, kisha gari huhitaji mita 41 nyingine kusimama. Jumla wanaikadiria mita 85. Kwa kilomita 50 ni mita 65, kwa 80 ni mita 130, kwa 100 ni mita 185. Tazama mwendo ulivyoongezeka maradufu kutoka 50 hadi 100 na umbali ukakaribia mara tatu. Barabara ikiwa inashuka kuja kwako, ongeza: kwenye mteremko wa asilimia 9, zile mita 85 zinakuwa 97.

Huo ni umbali wa kusimama tu, kiwango cha chini kabisa. Ili utoke bila kumlazimisha mwenzako kufunga breki, Marekani hutumia pengo la sekunde 7.5 kwa gari dogo linaloingia barabarani kwa kukata upande wa mbali. Kwa kilomita 60 hizo ni mita 125 hivi.

Jaribio lake unaweza kulifanya mwenyewe kabla ya kulipa mchoraji. Simama mahali geti litakapokuwa, kwenye mstari ambao gari litakuwa likitoka. Jicho la dereva huwekwa mita 4.4 kutoka ukingo wa njia ya magari kwa kipimo cha Marekani. Uingereza hutumia mita 2.4 kwa viingilio vingi. Chukua kile cha kwenu, au kile kikali ukiwa huna uhakika. Inama mpaka jicho liwe mita 1.05 kutoka ardhini, kwa sababu hapo ndipo jicho la dereva wa gari dogo lilipo. Ukisimama wima utaona juu ya ua ambalo dereva hatalivuka kwa macho. Msaidizi achukue mti uliokatwa kwa urefu huohuo, atembee pembeni ya barabara kuelekea kila upande. Mahali ncha ya mti inapopotea machoni pako, pima. Halafu chukua saa: hesabu sekunde tangu gari linapochomoza hadi linapokupita, kwa magari ishirini hivi ya kila upande, saa ambayo barabara iko wazi na magari yanakimbia, si wakati wa msongamano. Kibao kinaweza kusema 50 na madereva wakapita na 75. Saa itakuambia ukweli. Sekunde zikiwa chini ya 7.5 kwa magari mengi, sogeza geti.

Kinachoziba kwa kawaida ni kitu kidogo: ukuta wa uzio wa mwenyewe, ua la michongoma, kibao cha biashara, nguzo nene ya geti. Kwa hiyo uzio ukatwe mshazari pande zote mbili za geti, au sehemu hizo zijengwe chini ya sentimita 60 na juu ziwe wazi. Viwanja vya kona hudaiwa pembetatu kama hiyo pia pale barabara mbili zinapokutana, na ndani yake hata miti yenye matawi ya chini haitakiwi. Mpandaji hupanda mche wa sentimita 30 na kusahau kwamba baada ya mvua mbili tatu utakuwa ukuta.

Upana, kusubiri na kugeuza

Kwa gari moja, upana wa mita 3 hadi 3.5 getini unatosha, na kinywa cha njia kwenye lami kipanuke hadi mita 5 au 6 ili gari ligeuke bila kuvuka upande wa pili wa barabara. Njia ikutane na barabara kwa pembe mraba au karibu na hapo. Njia ya mshazari humlazimisha dereva kugeuza shingo kutazama nyuma ya bega lake, na huwavutia watu kuingia kwa kasi.

Geti lirudishwe ndani mita 5 hadi 6 kutoka mahali gari linapoachana na barabara, ili gari zima lisubiri nje ya njia ya wengine wakati geti linafunguliwa. Gari dogo lina urefu wa mita 4.5 hivi. Malango yanayofunguka yafungukie ndani, au liwe la kuteleza. Hesabu hiyohiyo inahusu gereji: hata kama ukuta wa nyumba unaruhusiwa mita 4 kutoka mpakani, mlango wa gereji uuweke mita 6, vinginevyo gari lililoegeshwa mbele yake litachomoza kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Kwenye barabara zenye magari mengi kanuni nyingi hukataza kutoka kinyumenyume. Inabidi gari ligeukie ndani. Duara la kugeuzia gari dogo linakula kipenyo cha mita 11 hadi 12. Umbo la herufi T linakula eneo dogo kuliko hilo. Hata hivyo ni sehemu kubwa ya uwanja wa mbele, na hapa ndipo nyumba iliyochorwa kabla ya njia ya gari hukwama.

Mteremko na maji

Kiwanja kikiwa chini ya barabara, tatizo si ukali wa mteremko pekee, bali mahali unapovunjika. Kiwango cha Australia kinataka kipande cha mpito pale badiliko la mteremko linapozidi asilimia 12.5 kwenye kilele, au asilimia 15 kwenye bonde. Kuzidi hapo, tumbo la gari hukwaruza juu na bampa hupiga chini. Mfano: kutoka getini una mita 8 na unapaswa kushuka mita 1.2. Usivute mstari mmoja wa asilimia 15, kwa sababu kileleni tayari umevuka kiwango. Gawa: mita 2 za kwanza kwa asilimia 10, zinashuka sentimita 20, mita 4 za kati kwa asilimia 20, zinashuka sentimita 80, mita 2 za mwisho kwa asilimia 10, sentimita 20. Jumla ni ileile mita 1.2, lakini hakuna mahali badiliko linapozidi asilimia 10. Sehemu ya kusubiria mbele ya geti ibaki karibu tambarare. Dereva anayetoka akiwa ameelekeza boneti juu haoni chochote.

Maji ya kiwanja hayatakiwi kumwagika kwenye lami. Kiwanja kikiwa juu ya barabara, weka mfereji wenye wavu wa chuma kukata njia karibu na geti, uyapeleke maji pembeni.

Palipo na mtaro, kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia ya gari, ni lazima, na kuufukia kwa kifusi ili gari lipite ndiyo kosa ambalo majirani wa juu hulilipia mvua ya kwanza inaponyesha. Usichague bomba jembamba kwa kuokoa fedha. Uwezo wa bomba kupitisha maji hukua haraka kuliko kipenyo: la milimita 450 linapitisha karibu mara tatu ya la milimita 300 kwa mteremko uleule, na halizibwi upesi na takataka. Mwenye barabara akitaja kipenyo, hicho ndicho cha chini.

Sakafu ya bomba ilingane na sakafu ya mtaro. Ikiinuliwa, maji yatatuama mbele yake. Ikizamishwa, litajaa mchanga. Mteremko usipungue asilimia 1 inapowezekana. Laza bomba juu ya changarawe iliyoshindiliwa ya milimita 100 hadi 150, jaza pande zote mbili kwa pamoja, tabaka la milimita 150 kwa wakati, ukishindilia kila tabaka. Ukijaza upande mmoja kwanza, bomba linasogea na maungio yanaachana. Juu ya bomba pawe na udongo wa angalau milimita 300 kabla gari halijapita. Urefu wake nao huhesabiwa: njia ya mita 4, kina cha milimita 800 kutoka uso wa njia hadi sakafu ya bomba, kingo za mteremko wa 1 kwa 2, kila upande unaongeza mita 1.6, jumla mita 7.2. Bomba la mita 5 hapo litafunikwa na udongo unaoporomoka ncha zote mbili, isipokuwa ujenge kuta za vichwa, yaani kuta fupi za kuzuia udongo kwenye ncha za bomba.

Maombi

Mchoro wa kiwanja uwe na kipimo cha 1:200 au kikubwa zaidi, ukionyesha bikoni na namba zake, katikati ya barabara, kingo za lami, mtaro, nguzo za umeme, viingilio vya majirani wa pande zote mbili na vya ng'ambo, mistari ya kuacha, geti na umbali wa kuona ulioupima. Chora pia wasifu wa njia ya gari ukitazamwa ubavuni, kutoka katikati ya lami hadi mlango wa gereji. Maombi mengi hurudishwa kwa kukosa wasifu huo, kwa kuwa bila huo mhandisi hawezi kujua maji yataelekea wapi.

Umbo la kiwanja likikataa kanuni, kuna njia ya kuomba nafuu. Hoja inayosikilizwa ni ya ardhi yenyewe: kiwanja chembamba, mwamba, korongo, kina kilichokatwa na upanuzi wa barabara. Kwamba ramani ya nyumba imeshanunuliwa, au msingi umeshamwagwa, si hoja. Omba kiasi kidogo kadiri inavyowezekana, uonyeshe kwa vipimo kwamba ulijaribu mpangilio mwingine, na uombe kabla ya kuchimba.

Mwite mkaguzi mara mbili: kamba zikiwa zimevutwa na bikoni zikionekana, kabla ya zege; na bomba la kalavati likiwa limelazwa, kabla halijafukiwa. Piga picha bikoni na futi kamba ikiwa imenyooshwa hadi kwenye kamba ya msingi, namba ikisomeka, na uiweke pamoja na vibali vyote viwili.